Baiskeli ya Umeme Yenye Betri Ndani ya Fremu: Dalili, Chanzo na Tiba

Baiskeli hizi zikipita mbele yako unaweza usizitambue. Bomba la chini la fremu limenenepa kidogo, habu (kitovu) ya gurudumu la nyuma, yenye mota ndani, imejaa kuliko kawaida, basi. Betri imelazwa ndani ya bomba, waya zimepitishwa humo humo, na baiskeli nzima ina uzito wa kilo 12 hadi 17 hivi, wakati baiskeli nyingi za umeme huvuka kilo 20 bila shida. Uzuri huo una gharama yake: kitu kikiharibika, hukioni. Huwezi kuchomoa betri ukaikagua, wala kuazima ya mwenzako ukaijaribu. Ndiyo maana kila ikizima watu huamua mchawi ni betri, wakaagiza nyingine kwa bei ya kuumiza, na ugonjwa ukabaki pale pale.

Malalamiko ya aina hii yanajirudia mno, na ukiyafuatilia unakuta betri yenyewe mara nyingi haina kosa. Mkosaji huwa kitu kidogo: soketi yenye uchafu, konekta (kiungio cha waya) isiyofika mwisho, kitufe kilichonywa maji. Kwa hiyo mwongozo huu unaenda kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu zimepangwa kuanzia ile inayoonekana mara nyingi hadi ya nadra. Usiruke hatua za mwanzo eti kwa sababu ni rahisi. Urahisi wake ndio sababu zimewekwa mwanzo.

Vifaa vya kuwa navyo: multimeta ya kawaida (kifaa cha kupimia umeme), seti ya alenki, tochi, brashi laini ya meno, kitambaa kikavu, na pampu yenye geji. Havizidi hapo. Kazi ikidai zaidi ya hivi, aghalabu umeshafika mpaka wa fundi.

Kwanza: dalili za kukimbia, si za kurekebisha

Ukiona lolote kati ya haya, acha kila kitu:

- fremu ina joto kali pale betri ilipo, wakati baiskeli imetulia au inachaji;
- sauti ya kufoka au kutoboka kutoka ndani ya bomba;
- harufu ya ajabu, tamu-tamu au kama ya kemikali ya kusafishia rangi;
- moshi, hata kama ni mwembamba;
- bomba lililobonyea au kupasuka baada ya ajali.

Kama inachaji, kata umeme ukutani, si kwenye baiskeli. Kama bado hakuna moshi na unaweza kuisogeza bila kujihatarisha, itoe nje, mbali na ukuta, magari na vitu vinavyoshika moto. Moshi ukishaanza, iache ilipo, toa watu, funga mlango nyuma yako na uite zimamoto. Seli za lithiamu zikishaanza kuchemka zenyewe huwasha jirani zake moja baada ya nyingine, na moshi wake ni sumu. Kwenye baiskeli yenye betri ya kuchomoka mtu angeitupa betri nje. Yako haichomoki, kinachotoka ni baiskeli nzima. Kwa sababu hiyo usiichajie kwenye korido au mlangoni, mahali ambapo ndipo njia yako pekee ya kutokea.

Namba za kukaa nazo kichwani

Nyingi ya baiskeli hizi hutumia betri ya volti 36: seli 10 za lithiamu-ioni zilizofuatana. Seli iliyojaa ni volti 4.2, hivyo betri iliyojaa husoma 42. Ikikaribia 30, yaani 3.0 kwa kila seli, bodi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri hukata umeme ili seli zisiharibike. Chini ya 25 seli huanza kuoza kwa ndani kwa namna isiyorudi nyuma. Soma kibandiko cha chaja yako kwanza: kama hakijaandikwa 42V, baiskeli yako ni ya mfumo mwingine na namba hizi si zako.

Tahadhari moja kabla hujashika multimeta. Volti 42 hazitakurusha, lakini ncha mbili za kupimia zikigusana ndani ya soketi ya betri utapiga shoti, na mkondo unaotoka hapo unaweza kuyeyusha chuma chembamba. Vua pete na saa. Pima ukiwa umekaa vizuri, si huku umeinama gizani.

Dalili ya 1: Haiwaki kabisa

*Imelala.* Hili ndilo la kwanza kwa mbali. Baiskeli ikikaa wiki kadhaa bila kutumika, betri nyingi hujizima kabisa ili zisijimalize. Katika hali hiyo kitufe hakiwezi kuiamsha, hata ukibonyeza hadi kidole kiumie. Kinachoiamsha ni chaja. Chomeka kwa dakika 10, chomoa, halafu washa. Kuchomoa ni muhimu, kwa sababu baadhi ya baiskeli zimetengenezwa zisiwake zikiwa kwenye chaja.

*Namna ya kubonyeza.* Kitufe kilichozamishwa kwenye bomba la juu hutaka kushikiliwa sekunde mbili au tatu. Ukigusa na kuachia, hakijibu. Na ukishikilia mno, mifumo mingine huingia hali ya kuoanisha na simu, taa zikawa zinapepesa tu. Jaribu mara kadhaa kwa muda tofauti kabla ya kulaani.

*Kitufe au skrini imeingia maji.* Kama tatizo limeanza baada ya mvua au kuoshwa, iache mahali pakavu penye joto la kawaida kwa siku nzima. Usipulizie kikausha nywele kwa moto mkali. Mpira wa kuzuia maji hulegea, na safari ijayo maji yataingia kirahisi zaidi.

*Konekta imelegea ndani ya fremu.* Njia ya kujua: je, ilizima ghafla baada ya kuruka shimo au kuanguka? Kama kuna kifuniko kidogo chini ya fremu, karibu na pedali zinapozungukia, kifungue utazame. Konekta zilizo wazi unaweza kuzisukuma zikae. Zilizo ndani zaidi, usizivute kwa koleo. Waya ukikatika ndani ya bomba, kuupitisha upya ni kazi ya nusu siku hata kwa mzoefu.

*Fyuzi imekufa.* Si kila baiskeli inayo unayoweza kuifikia. Kama yako inayo na imekatika, elewa kwamba fyuzi haifi bure. Weka nyingine ya ampea zilezile mara moja tu. Ikikatika tena, simama hapo. Kuweka waya au fyuzi kubwa zaidi ni kuhamishia moto kwenye betri.

*Betri imeshuka kupita kiasi.* Hii ni ya zile zilizohifadhiwa miezi mingi zikiwa tupu. Chaja huikataa, taa yake hubaki kijani. Hapa usijaribu ujanja. Kuna watu huilazimisha kwa chanzo kingine cha umeme hadi "ifufuke". Inaweza kufufuka kweli, ikafanya kazi wiki mbili, kisha ikashika moto usiku wa manane, kwa kuwa seli zilizoshuka chini ya kikomo huwa na shaba iliyoyeyuka ndani yake na kuota tena mahali pasipotakiwa. Mpelekee fundi wa betri, naye akikwambia imekwisha, mkubalie.

Dalili ya 2: Haichaji, au chaja ni kijani papo hapo

Ielewe kwanza lugha ya chaja. Katika chaja nyingi, nyekundu maana yake umeme unaingia. Kijani maana yake hakuna umeme unaoingia. Si lazima kijani kiwe na maana ya "imejaa". Inaweza kuwa imejaa, na inaweza kuwa chaja haiioni betri kabisa. Watu wengi hulala wakidhani wamechaji, asubuhi wakakuta asilimia ni ile ile.

1. Soketi ya kuchajia ni chafu. Kwenye fremu nyingi soketi iko chini, karibu na pedali, pale pale gurudumu la mbele linapotupia matope. Tazama kwa tochi. Safisha kwa brashi kavu ya meno, kamwe si kwa msumari wala sindano ya chuma. Kama pini ni nyeusi au zimebadilika rangi, zimekuwa zikipiga cheche. Hapo soketi inahitaji kubadilishwa.

2. Plagi haijaingia hadi mwisho. Mpira wa kifuniko hukaa njiani na kuizuia. Isukume hadi uhisi imekaa.

3. Chaja yenyewe imekufa. Pima mdomo wake kwa multimeta ikiwa kwenye umeme: inatakiwa kusoma karibu 42, tuseme kati ya 41 na 42. Ikisoma sifuri, chunguza waya wake unapopinda karibu na plagi. Hapo ndipo hukatika. Ila kuna chaja za kisasa ambazo hazitoi umeme mpaka zitambuane na betri, kwa hizo sifuri si ushahidi. Njia safi ni kuazima chaja ya baiskeli ya modeli ileile.

4. Joto. Betri iliyotoka kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0 za Selsiasi haipaswi kuchajiwa, na nyingi hukataa. Vivyo hivyo iliyoanikwa juani ikazidi nyuzi 45. Iache ndani saa mbili ujaribu tena. Watu hulipuuza hili kwa sababu halionekani, lakini kuchaji kwenye baridi kali huweka tabaka la lithiamu ya metali ndani ya seli, na madhara hayo hayafutiki.

5. Bodi ya ulinzi imekataa. Inachaji dakika chache, inaacha. Unachomoa na kurudisha, inachaji tena kidogo. Aghalabu seli moja imejaa kabla ya wenzake au imechoka kuliko wenzake. Iache kwenye chaja saa kadhaa baada ya kijani kuwaka, ukiwa macho na upo karibu, kwa siku mbili tatu. Bodi zenye uwezo wa kusawazisha seli hutumia muda huo kuzilinganisha. Ikigoma, ni ya fundi.

Kuhusu chaja za kuazima: plagi kuingia si kibali. Chaja ya volti 54.6 ya mfumo wa 48 inaweza kuwa na plagi ileile kabisa. Soma kibandiko kila mara, hata kama ni ya ndugu yako.

Dalili ya 3: Inawaka vizuri, lakini mota haisukumi

Swali la kwanza ninalouliza hapa ni moja: ulipata pancha lini? Maana nusu ya kesi hizi huanza siku gurudumu la nyuma lilipotolewa kuzibwa pancha.

Waya wa mota unatoka kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma na kuungana na fremu kwa konekta ya duara, karibu na bomba la fremu linalopita kando ya mnyororo. Konekta hiyo ina mishale miwili inayopaswa kutazamana, na nyingi zina mstari mdogo unaoonyesha inakotakiwa kufika. Mtu huisukuma, huhisi imeshika, anaacha. Bado milimita 3. Taa zinawaka, asilimia inaonekana, mota kimya. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza jioni mbili nikipima betri ya rafiki yangu, nikafungua hadi kifuniko cha kidhibiti (bodi ya umeme inayoiongoza mota), kumbe konekta ilikuwa imebakiza upana wa ukucha. Sikumwambia imekuwa rahisi hivyo. Nilimwambia ilikuwa "tatizo la muunganisho".

Izime baiskeli. Chomoa konekta kwa kuivuta moja kwa moja, bila kuizungusha. Angalia pini: iliyopinda inaweza kunyooshwa taratibu kwa ncha ya plastiki. Panga mishale, sukuma hadi mstari ufichike.

Ukiwa hapo hapo, tazama nati za ekseli. Kuna kibati chenye jino ambalo huingia kwenye mfereji wa fremu ili ekseli isizunguke. Kibati hicho kikirudishwa kinyume au kusahauliwa, siku mota itakaposukuma kwa nguvu ekseli itajipindua, itausokota waya na kuukata, na pengine gurudumu litatoka. Ukikuta ekseli imesogea, fremu ya uma wa nyuma imekwaruzika, au waya umeviringika kwenye ekseli, usiipande tena hata hadi kona.

Kama hujatoa gurudumu siku za karibuni, nenda kwenye haya:

Kiwango cha msaada kiko sifuri. Inasikika kama mzaha, ila kwenye baiskeli yenye kitufe kimoja na taa za rangi, kuwaka na kusaidia ni vitu viwili. Soma maana ya rangi kwenye kijitabu chake.

Sensa ya pedali. Baiskeli hizi hutambua kwamba unakanyaga kwa njia mbili: ama sumaku zinazozunguka pamoja na pedali, ama kipimo cha nguvu ya mguu. Ya sumaku hukosea pete yake ikisogea au ikijaa matope. Pengo kati ya pete na sensa liwe milimita chache tu. Ya kipimo cha nguvu ina tabia ambayo wengi hawaijui: ikiwashwa, hujipima na kuweka sifuri yake wakati huo huo. Ukiiwasha huku mguu umekaa juu ya pedali, itachukua uzito wa mguu wako kuwa ndiyo sifuri, na safari nzima mota itakuwa dhaifu au haisukumi. Izime, toa miguu, washa, hesabu hadi tatu, ndipo upande.

Swichi ya breki, kama baiskeli yako inayo. Kipini kisiporudi vizuri, kidhibiti huamini umeshika breki muda wote. Sukuma kipini mbele kwa mkono uone kama mota inaamka.

Sensa za ndani ya mota. Mota inatetemeka, inaguguna, inasonga nyuma na mbele lakini haizunguki. Hapo mmoja kati ya waya tatu kubwa za mota umekatika, au sensa moja ya mkao imekufa. Acha kuilazimisha, kidhibiti kitaungua pia, na utakuwa umenunua vitu viwili badala ya kimoja.

Dalili ya 4: Inasukuma, inakata, inasukuma tena

Tenganisha kwanza kukata halali na kukata kwa ugonjwa. Mota ikiacha kila mara unapofika kasi fulani, hiyo ni sheria, si kasoro. Barani Ulaya baiskeli ya kawaida ya umeme huacha kusaidia kwenye kilomita 25 kwa saa. Marekani, nyingi huacha kwenye maili 20, yaani kama kilomita 32. Baiskeli nyepesi huendeshwa kasi kuliko nzito, hivyo mtu hupita kikomo hicho bila kujua na kudhani mota imekufa. Itazame spidi wakati inapokata. Kama ni ileile kila siku, safari njema.

Kukata kwa ugonjwa kuna ruwaza tatu.

Inakata mlimani au unapoondoka, kisha inarudi tambarare. Fanya jaribio hili: panda mlima uleule kwa kiwango cha chini cha msaada, halafu kwa cha juu kabisa. Ikiwa cha chini kinafika juu bila tatizo na cha juu kinazima baiskeli, volti inaanguka chini ya mzigo. Mota ya wati 250 ikibanwa inaweza kuvuta ampea 10 na zaidi. Betri iliyochoka husoma 37 ikipumzika, lakini ikivutwa hivyo inaporomoka hadi kwenye kikomo na bodi inakata. Kabla ya kuilaumu, chaji hadi mwisho urudie jaribio. Ikikata hata ikiwa imejaa, kuna mambo mawili: seli zimezeeka, au kuna muunganisho mchafu unaokula volti njiani. Fundi mwenye kipimo cha mzigo atakwambia ni lipi kwa dakika 20. Wewe kwa multimeta peke yake utabahatisha.

Inakata kwenye barabara mbovu. Ni konekta, au betri inayocheza ndani ya bomba. Ipige fremu kwa ngumi iliyofungwa kitambaa huku imewaka. Taa zikipepesa, umempata. Betri nyingi za ndani hushikiliwa na boliti zinazoonekana kama za kishikio cha chupa. Zikague kama zimekaza. Na hapa nisikilize vizuri: ukibadilisha boliti hizo, urefu uwe uleule. Iliyo ndefu kwa milimita chache inaweza kufika kwenye betri na kuitoboa. Kwa sababu hiyohiyo usitoboe fremu hii kwa keekee kwa lolote lile, hata kama unataka tu kufunga taa.

Inakata baada ya mvua, ikikauka inapona. Maji hayaingii pale unapodhani. Hupita kwenye bomba la siti, yakateremka hadi chini, na pale ndipo wengi huweka kidhibiti. Toa siti, geuza baiskeli, uone kama maji yanatoka. Chini ya fremu huwa kuna kitundu cha kutolea maji. Kimezibwa na tope mara nyingi kuliko unavyofikiri. Kizibue kwa kijiti cha mti. Rudisha siti na grisi kidogo shingoni. Kwa fremu ya kaboni usitumie grisi, tumia mchanganyiko wake maalumu. Mashine za kuoshea zenye presha ziache kwa magari.

Dalili ya 5: Umbali umepungua

Hesabu kwanza. Betri hizi nyingi zina wati-saa 250 hivi (wati-saa ni kipimo cha umeme uliohifadhiwa). Anayekanyaga kwa bidii njia tambarare anaweza kutumia wati-saa 6 kwa kilomita: kilomita 40 na kidogo. Anayeacha mota ifanye kazi, upepo mbele, milima ipo, anafika 10 kwa kilomita: kilomita 25. Baiskeli ni ileile, betri ni ileile. Kwa hiyo kabla ya kusema umbali umepungua, jiulize kama njia na miguu ni ile ya zamani.

Kisha kagua upepo wa tairi kwa geji, si kwa kidole. Hili pekee huponya wengi. Inua gurudumu moja moja ulizungushe: likisimama haraka, breki inakwaruza. Kumbuka gurudumu la nyuma lina mota na litakuwa zito kidogo, lakini halipaswi kusikika likikwangua. Safisha mnyororo. Baridi nayo hula sehemu ya umbali, ikirudi joto na umbali unarudi.

Yote hayo yakiwa sawa na betri ina miaka kadhaa, imezeeka tu. Seli nyingi hukadiriwa kupoteza robo au zaidi kidogo ya uwezo baada ya mizunguko kama 500 ya kujaa na kuisha. Hakuna programu ya kuirudisha. Unachoweza ni kupunguza kasi ya kuzeeka: isikae imejaa kabisa wiki nzima bila kutumika, na ukiiweka kwa muda mrefu, iwe nusu.

Dalili ya 6: Kelele

Tik-tik kutoka nyuma kila mzunguko: spoki zimelegea. Gurudumu lenye mota hulegeza spoki mapema kuliko la kawaida, hasa kilomita za mwanzo. Zibane mbili mbili kwa vidole, inayocheza imelegea. Kazi ya kuzikaza ni ya mwenye uzoefu, lakini usiikawize, zitaanza kukatika moja moja.

Kugongagonga ndani ya bomba ukipita mawe: waya zinapiga fremu, au boliti za betri zilizotajwa juu. La kwanza ni kero, la pili ni hatari. Likague la pili kwanza.

Kusaga ndani ya habu mota inaposukuma, kunakotoweka ukiteremka bila msaada: giya ndogo za ndani. Katika mota nyingi za aina hii ni tatu, za nailoni, na huisha. Zinapatikana kwa modeli nyingi, na kuzibadilisha ni nafuu kuliko mota mpya. Usiendelee kuendesha hadi meno yakatike, vipande vyake husaga vingine.

Dalili ya 7: Simu haiioni baiskeli

Funga programu, zima Bluetooth, washa tena. Hakikisha simu nyingine ya nyumbani haijajiunga nayo kimyakimya. Huyu ndiye mchawi wa mara nyingi. Ruhusu programu ionyeshwe mahali ulipo, kwa kuwa kwenye simu nyingi za Android za kabla ya toleo la 12 Bluetooth haitafuti bila hiyo. Ikishindikana, futa baiskeli kwenye orodha ya simu uoanishe upya.

Usianze kusasisha programu ya baiskeli ikiwa na chaji kidogo au ukiwa umetoka na unaihitaji kurudi nyumbani. Sasisho likikatika katikati, kidhibiti kinaweza kubaki bubu. Na kama baiskeli yako hufunguliwa kwa simu tu, hifadhi ufunguo wake wa dijitali mahali pengine ikiwa mfumo unaruhusu. Kampuni ya Uholanzi ya VanMoof ilipofilisika mwaka 2023, wenye baiskeli zake walikimbilia kunakili funguo zao kabla seva hazijazimwa. Kampuni ilinunuliwa baadaye, ila hofu ile ilikuwa ya kweli.

Ukimpelekea fundi

Mtafute anayeshughulikia umeme wa baiskeli, si anayejua magurudumu tu, na muulize mapema kama anakubali betri za ndani ya fremu. Wengine hawazigusi, na wana haki. Anayetaka kufungua betri mezani papo hapo kwa bisibisi, mshukuru uondoke.

Mwambie ilianza lini, kulikuwa na nini siku hiyo (mvua, pancha, kuanguka, sasisho), inatokea wakati gani, na namba za kosa zilizoonekana. Zipige picha zikiwa kwenye skrini, maana hutofautiana kwa kila mtengenezaji na hutazikumbuka. Mwambie pia ulichokwisha kufungua, hata kama unaona aibu. Na mpelekee chaja. Bila chaja yako mwenyewe, nusu ya vipimo hivi hawezi kuvifanya.